Somo: Kuusoma mwamba wa bariti, risasi na zinki

Ndugu wanachama, wengi wetu hapa Dar es Salaam huletewa mawe mazito kutoka bara na kuulizwa bei kabla ya kuulizwa yametoka kwenye mwamba gani. Mfano wa somo hili ni mgodi wa Red Dog, kaskazini-magharibi mwa Alaska, Marekani, ambako bariti (jiwe zito lenye metali ya bariamu), risasi (ile metali) na zinki zimekaa pamoja.

Hatua ya 1. Anza na mwamba uliobeba madini. Mwamba wa Red Dog ni tope jeusi lenye kaboni nyingi, lililotuama chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 330 iliyopita na kuwa mwamba. Usiupuuze weusi huo: mahali pasipo na oksijeni, bakteria hugeuza salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni) ya maji ya bahari kuwa salfaidi (salfa isiyo na oksijeni), nayo salfaidi huzinasa risasi na zinki zinazopandishwa na maji ya moto yenye chumvi nyingi.

Hatua ya 2. Tafuta bariti, kisha uulize ilifika lini. Bariamu husafiri katika maji yasiyo na salfeti, na ikikutana na salfeti huganda mara moja kuwa bariti. Kwa hiyo bariti huhitaji salfeti, ilhali galena, yaani mbale (jiwe lenye metali) ya risasi, na sfaleraiti, mbale ya zinki, huhitaji salfaidi. Red Dog sehemu kubwa ya bariti ilitangulia, kisha salfaidi zikaila na kukaa mahali pake.

Hatua ya 3. Pima. Nilitundika kipande cheupe kwa uzi kwenye mizani ya duka moja Kariakoo (mwenye duka alidhani nauza chumvi ya mawe): hewani gramu 900, kikiwa kimezama kwenye ndoo ya maji gramu 700. Gawanya 900 kwa tofauti ya 200, unapata 4.5, yaani jiwe ni zito mara 4.5 kuliko maji ya ujazo uleule, na huo ndio uzito wa bariti. Mwamba wa chokaa, unaofanana nayo kwa macho, huwa karibu 2.7. Kisha sugua mbale kwenye mgongo wa kigae usiopakwa rangi: galena huacha mstari wa kijivu, sfaleraiti huacha unga wa njano iliyofifia wenye harufu ya yai viza.

Hatua ya 4. Angalia vijito. Rubani Bob Baker aliona maji yenye madoa mekundu, kutu ya chuma itokanayo na salfaidi zinazooza, na mwaka 1968 mwanajiolojia Irv Tailleur akachukua sampuli. Uchimbaji ulianza mwaka 1989.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Jiwe langu la Mpanda linang'aa kama fedha. Je, ni la aina hii?
Jibu: Marahaba. Huenda ni galena, lakini galena ya Mpanda hukaa kwenye mishipa inayokata mwamba, haikulala na tope la bahari. Usitarajie tabaka pana.

Swali: Bariti ina soko gani?
Jibu: Husagwa na kuongezwa kwenye tope la kuchorongea visima vya mafuta na gesi, ili uzito wake uzuie gesi isilipuke juu.

Swali: Naweza kuichoma galena jikoni nipate risasi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Moshi na vumbi lake ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Kipande chako kipeleke maabara kikiwa kizima.