Kumwagilia bustani ya mboga kiangazi chenye ubaridi

Kiangazi chenye ubaridi huwadanganya wakulima wengi wa mboga. Jua si kali, majani hayalegei mchana, basi keni huwekwa kando. Lakini mvua hainyeshi, na upepo mkavu hukausha udongo hata kama hauchomi ngozi. Dalili zinapojitokeza juu, chini kumekwisha kukauka: kabichi imedumaa na maharage yamepukutisha maua.

Siku za ubaridi, mboga zilizokwisha kufunika tuta hutumia takriban milimita 2 hadi 4 za maji kwa siku. Milimita 1 katika mita moja ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mahitaji ya wiki ni lita 14 hadi 28 kwa kila mita ya mraba. Anza na lita 20, yaani keni mbili za lita 10, kisha ongeza au punguza kulingana na unachokiona udongoni. Upepo ukivuma mfululizo, ongeza.

Kosa kubwa hapa ni kupunguza maji kwa namna isiyofaa. Mtu anaendelea kunyunyiza kila siku, ila kidogo kidogo. Maji hayo hulowesha sentimita chache za juu na kukauka hapo hapo, na mizizi hukaa juu kuyafuata. Hewa ikipoa, ongeza siku kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, lakini kila unapomwagilia hakikisha maji yanafika chini kwenye mizizi. Katika udongo wa tifutifu uliokauka kiasi, lita 20 kwa mita ya mraba hushuka kama sentimita 25, na hiyo inatosha mboga nyingi. Kichanga hakiwezi kushika maji mengi kwa mkupuo. Kipe lita 10 mara mbili kwa wiki. Mfinyanzi hushika mengi lakini hunywa polepole mno, pengine chini ya milimita 5 kwa saa. Mwaga kwa awamu mbili au tatu, ukisubiri kila mara maji yazame, la sivyo yatatiririkia njiani. Kwa udongo huo jaruba lenye kingo hufaa kuliko tuta lililoinuka.

Usiamue kwa kutazama majani wala uso wa udongo. Chimba sentimita 15 kando ya mmea, chukua udongo wa chini na ukamate kwenye ngumi. Tifutifu ikifanya donge linalovunjika ukilibonyeza kwa kidole, subiri. Ikimomonyoka bila kushikana, mwagilia leo. Ikiacha tope kiganjani, acha kabisa. Kichanga hakifanyi donge imara, kwa hiyo angalia kama kimeacha unyevu mkononi. Siku moja baada ya kumwagilia chimba tena uone maji yalifika wapi. Ukifanya hivyo mara tatu nne, utaifahamu bustani yako vizuri kuliko ratiba yoyote utakayoandikiwa.

Vitunguu, saladi na spinachi vina mizizi mifupi, mingi ikiwa ndani ya sentimita 30 za juu, hivyo havivumilii kusubiri. Nyanya na maboga yaliyokwisha kushika hushusha mizizi zaidi ya sentimita 60 na huweza kukaa wiki nzima, mradi udongo ni mzito wa kutosha. Usiyapande kwenye mstari mmoja wa maji na saladi.

Kwa mpira wa matone, piga hesabu. Vitone, yaani vitundu vya mpira vinavyodondosha maji, vya lita 2 kwa saa vikiwa kila sentimita 30, na mistari ikiwa sentimita 50 kutoka mmoja hadi mwingine, kila mita ya mraba hupata takriban lita 13 kwa saa. Lita 10 zitachukua dakika 45. Safisha chujio mara kwa mara, maana kitone kilichoziba hakionekani mpaka mmea unyauke.

Mwagilia asubuhi, na elekeza maji kwenye shina. Maji ya jioni yaliyomwagwa juu ya majani hukaa usiku kucha katika hewa ya baridi, na hapo ndipo ugonjwa wa bakajani chelewa hushambulia nyanya na viazi.

Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 huokoa maji mengi. Yaweke juu ya udongo ambao tayari umelowa, na yaache mbali kidogo na shina ili lisioze. Tahadhari moja: matandazo huzuia joto la jua kuingia ardhini. Nyanya, pilipili na matango machanga katika udongo wa baridi yatachelewa zaidi, kwa hiyo subiri udongo upate joto kwanza. Kabichi na saladi hazina shida hiyo.

Maji yakizidi, ubaridi hufanya hali iwe mbaya zaidi kwa sababu udongo huchelewa kukauka na mizizi hukosa hewa. Majani hugeuka njano na mmea hulegea kana kwamba una kiu, na mkulima akiongeza maji anaumaliza. Kitaluni, kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche, huangusha miche iliyosongamana kwenye unyevu. Hata hivyo mbegu za karoti ni jambo la pekee: katika udongo wa baridi huweza kukaa wiki mbili au tatu kabla ya kuota, na muda wote huo uso wa udongo usikauke. Zinyunyizie kidogo kidogo, ukizifunika kwa gunia jepesi ambalo utaliondoa mara chipukizi za kwanza zinapoonekana.

Hatua zisizovumilia kiu ni maharage yanapochanua na kujaza, kabichi inapofunga, vitunguu vinapotunga, na nyanya zinapoanza kuzaa. Nyanya inayokauka kisha kulowa, kisha kukauka tena, hushindwa kufikisha kalsiamu kwenye tunda, na huoza kitako hata kama kalsiamu ipo tele ardhini.

Ukigundua umechelewa, usifidie kwa mafuriko. Mpe mmea nusu ya kiasi leo na nusu kesho kutwa, kwani maji mengi ya ghafla hupasua nyanya na karoti. Kabichi iliyokwisha kufunga na kukaza, ivune kwanza ndipo umwagilie tuta.