Kabla Makinda Hawajatoka Kiotani: Maandalizi kwa Mfugaji wa Zebra Finchi

Mwenye jozi ya zebra finchi, ndege wadogo wanaofugwa tunduni, hujiandaa vizuri kwa mayai. Wachache hujiandaa kwa wiki ya nne baada ya vifaranga kuanguliwa, na hiyo ndiyo inayoleta majeraha. Makinda wameshatoka kiotani, bado wanalia kuomba chakula, na baba aliyewalisha asubuhi anawakimbiza jioni, anawanyofoa manyoya ya mgongo na mkia, pengine mpaka damu itoke. Mama naye anaweza kufanya hivyo.

Asili ya ndege hawa ni nyika kavu za Australia. Huko huzaliana mvua inapoamsha nyasi zikatoa mbegu, na ukame ukirudi hupumzika. Tunduni mwetu mbegu hazikatiki na maji yapo kila siku, kwa hiyo hakuna kinachowaambia wasubiri. Makinda wakitoka tu, wazazi wanataka kutaga tena, na mtoto anayerudi kulala kiotani huwa kizuizi. Simlaumu dume. Porini mtoto angerukia mti mwingine na ugomvi ungeishia hapo. Tunduni hana pa kwenda, na aliyemjengea tundu ni mimi na wewe.

Kwa hiyo kabla hujawawekea kiota, tafuta nafasi. Finchi huruka kwa ulalo, hivyo tundu refu la kusimama halina faida sana kwao. Kwa familia nzima ningetaka urefu wa ulalo wa mita moja hivi. Weka vijiti vya kutulia vya kimo sawa pande zote mbili, na vyombo vya chakula zaidi ya kimoja, mbalimbali, ili mkubwa mmoja asiweze kuvilinda vyote. Andaa pia tundu la pili, au kigawanyo cha wavu kinachoingia katikati ya tundu. Kiwe tayari nyumbani, maana dukani hutakimbilia saa moja usiku.

Kisha andika tarehe. Mayai, kwa kawaida 4 hadi 6, huatamiwa takribani wiki mbili. Makinda hutoka kiotani wakiwa na siku 18 hadi 21 hivi, lakini kujitegemea kabisa huja karibu na siku ya 35, wengine baadaye kidogo. Hizo wiki mbili za katikati ndizo zinazowapotezea watu ndege. Mtu anaona kinda ananyofolewa, anamhamisha peke yake kwa huruma, na kinda anakufa njaa mbele ya bakuli lililojaa. Kudonoa mbegu bado si kula. Mtazame kama anamenya ganda na kumeza, na uangalie gole lake, kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, lina mbegu kabla ya kulala.

Kama ugomvi umeanza mapema, anayetolewa ni mkubwa anayeshambulia. Mwache mzazi mwingine aendelee kulisha, na umhakikishe kweli analisha. Dume akitengwa, abaki jirani, nyuma ya wavu, aonekane na asikike: madume wachanga hujifunza wimbo kwa baba yao, hasa kati ya siku ya 25 na ya 65 hivi, na asiyesikia mkubwa akiimba katika kipindi hicho hukua na wimbo uliopungua.

Kiota ndicho kinachohitaji uamuzi mgumu zaidi. Makinda hupenda kurudi kulala humo siku chache za kwanza, na hapo hapo ndipo wazazi wanapotaka kuanza upya. Mimi huona ni bora kukiondoa mara makinda wote wanapokuwa wanalala vizuri kwenye vijiti. Nyuzi za makumbi ya nazi na nyasi kavu ziondoke nacho. Wakati kiota kipo, hata hivyo, usiwabanie vifaa hivyo, kwa sababu mzazi aliyekosa cha kutandika huweza kuchuma manyoya laini ya watoto wake. Mayai mapya yakishatagwa, kuyatoa kunamfanya jike atage mengine na kumaliza madini mwilini mwake. Yabadilishe kwa ya bandia umwache ayaatamie mpaka achoke.

Chakula hakina mengi: uwele na mbegu nyingine ndogo, yai la kuchemsha lililopondwa, na kifupa cheupe cha dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi na pweza), kile kinachookotwa ufukweni, kioshwe na kukaushwa.

Si kila kukimbizana ni vita. Mzazi anayemsogeza kinda anayedai chakula anamfundisha kujilisha, na kinda akisogea mambo huisha. Ingilia unapoona upara mgongoni, damu, au kinda aliyejikunyata sakafuni asiyethubutu kwenda kwenye chakula. Unyoya mchanga uliovunjika hutoa damu nyingi kwa mwili mdogo hivyo. Bonyeza taratibu kwa unga laini wa wanga, na isipokoma mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mdomo mweusi wa kinda ukianza kuwa wa rangi ya chungwa, na madume wakaota mashavu ya rangi hiyo, watenge madume na majike. Wanaweza kuzaa kabla ya kufikisha miezi mitatu, na ndugu wa kiota kimoja hawatabaguana.