Matete na mafunjo bwawani: panda kidogo, kata chini ya maji

Bwawa kubwa la kuvutia ndege, vyura na kereng'ende halihitaji mimea ya kubembelezwa. Mafunjo na matete yakipata tope hushika haraka. Kazi iko kwenye kuyazuia yasimeze bwawa zima, kwa hiyo anza na theluthi moja ya ukingo tu.

Mafunjo yanataka tope lenye unyevu mwaka mzima. Kama lambo lako hukauka kiangazi mpaka tope likapasuka, chagua matete. Ila bwawa lililotandikwa plastiki usilipande matete: machipukizi yake ni makali, hutoboa.

Panda mwishoni mwa masika, maji yakishatulia. Chimbua kipande cha shina la chini ya tope chenye machipukizi mawili au matatu, punguza mabua yabaki sentimita 40, kisha kizike penye maji ya sentimita 15, mita moja kati ya mche na mche. Ncha lazima zichungulie. Mabua yana mirija inayoshusha hewa hadi mizizini, na maji yakiyafunika, kipande huoza kabla hakijashika. Anayepanda mvua zinapoanza hupoteza miche hivyo hivyo: bwawa hujaa usiku mmoja.

Udhaifu huo ndio utakaokusaidia baadaye. Matete yakianza kuingia katikati, yakate sentimita 15 chini ya maji, mabichi na makavu pamoja, maana hata bua kavu lililosimama hupitisha hewa. Visiki vikibaki juu ya maji, umepogoa tu. Anayevuna kwa ajili ya mikeka au kuezeka afanye kinyume: akate juu ya maji, na asirudi fungu lile lile kabla ya mwaka kupita. Kagua viota vya kwera kwanza. Vikiwa na mayai, subiri.

Tuta na njia ya kumwagia maji ya ziada viachwe wazi kabisa. Matete yakiziba njia hiyo, maji hupita juu ya tuta na kulikata.

Osha vipande vyako vya kupanda kabla ya kuvileta. Kipande kidogo cha gugumaji kilichonasa kwenye tope kinatosha kukuharibia bwawa, na konokono wa kichocho nao husafiri hivyo hivyo. Wanapenda ukingo wenye majani, basi pa kuteka maji pasiwe na mmea wowote, na anayeingia kukata avae mabuti marefu ya mpira.