Msafiri mwenye kisukari amerudi na homa: fikiria melioidosi

Mfanyabiashara wa Mbeya aliyetoka Thailand, au mgonjwa wa Iringa aliyekwenda India kutibiwa, akija kwako na homa, muulize alikuwa wapi, lini, na kama alikanyaga tope au maji ya mafuriko. Melioidosi huletwa na bakteria Burkholderia pseudomallei, anayeishi kwenye udongo na maji ya Kusini-Mashariki mwa Asia, India na kaskazini mwa Australia. Huingia kwa michubuko, kwa hewa au kwa maji ya kunywa, na kisukari ndicho kinachomfungulia mlango zaidi. Dalili huanza mara nyingi ndani ya siku 1 hadi 21, ila bakteria anaweza kujificha mwilini kwa miaka, kwa hiyo safari ya zamani nayo iandike kwenye faili.

Pima malaria na sukari kama kawaida. Sura kuu ya melioidosi ni nimonia kali. Ikija polepole, kwa kukonda, kikohozi na shimo katika sehemu ya juu ya pafu, hufanana na TB kiasi cha kumdanganya yeyote. Mwenye GeneXpert (kipimo cha TB) hasi ambaye dawa za TB hazimsaidii apigwe ultrasaundi ya ini, wengu na, kwa mwanamume, tezi dume, kutafuta majipu.

Chukua sampuli kabla ya antibiotiki: damu chupa 2, mililita 8 hadi 10 kila moja, mkojo, makohozi, usaha kama upo, na swabu ya koo hata kama koo haliumi. Usiziweke kwenye friji. Kwenye fomu andika "melioidosi?" pamoja na nchi aliyotoka. Fomu isiyo na neno hilo ndiyo inayopoteza wagonjwa, kwa sababu maabara humwita bakteria huyu Pseudomonas au uchafu wa ngozi na kumtupa. Bakteria wa kutiliwa shaka ni yule mwenye oksidesi (kipimo cha kimeng'enya cha bakteria) chanya, asiyekufa kwa gentamicin wala colistin, lakini anayekufa kwa amoxicillin-clavulanate. Sahani za kuoteshea bakteria zisinuswe kamwe. Zifunguliwe ndani ya kabati la usalama. Jibu hasi moja haliondoi melioidosi: rudia.

Antibiotiki za ceftriaxone na gentamicin hazitoshi. Mtu mzima mwenye figo nzima hupewa kwa mshipa ceftazidime gramu 2 kila saa 6 hadi 8, au meropenem gramu 1 kila saa 8 akiwa mahututi, kwa siku zisizopungua 10 hadi 14. Majipu ya ndani huhitaji wiki 4 au zaidi, na makubwa yatolewe usaha. Homa huweza kuendelea zaidi ya wiki moja, hivyo usibadilishe dawa kwa haraka kama hali haizidi kuwa mbaya.

Kisha hufuata antibiotiki ya kumeza, kotrimoksazoli, kwa angalau miezi 3. Mwenye zaidi ya kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 480 kila saa 12. Wengi huacha wakipata nafuu, na ugonjwa hurudi. Pima potasiamu na kreatinini mara kwa mara, na anayetumia glibenclamide (dawa ya kisukari) apimwe sukari kila siku, maana dawa hizi mbili zikikutana huishusha ghafla.