Lenzi imezunguka, si macho yameharibika
Wewe mwenye astigimatizimu (umbo la jicho linalofanya uone ukungu) unayevaa lenzi za macho, zile zinazokaa juu ya jicho lenyewe: maandishi yakiwa na kivuli, yakatulia, kisha yakavurugika tena, usidhani macho yamezorota. Huenda lenzi imezunguka tu.

Konea yetu sisi wenye astigimatizimu, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, haiko mviringo kama mpira. Imepinda zaidi upande mmoja, kama yai. Ndiyo maana lenzi zetu, hizi za toriki (za kurekebisha astigimatizimu), zina juu na chini. Ile namba ya mhimili kwenye karatasi ya vipimo, kati ya 1 na 180, ni digrii za kuonyesha lenzi ielekee wapi. Lenzi ikihama digrii 30 hivi, ni kama hukurekebishiwa astigimatizimu hata kidogo.

Basi ukishavaa, pepesa macho mara kadhaa na ungoje kama dakika 15 kabla ya kulalamika. Ikizidi kuzunguka, rudi kwa mtaalamu. Lenzi hizi huwa na alama ndogo, naye ataona imeelekea wapi. Na usinunue kwa kutumia karatasi ya miwani! Miwani hukaa mbali kidogo na jicho, kwa hiyo vipimo vinaweza kutofautiana.

Kwangu mimi hapa Nairobi, tatizo ni dirisha la matatu. Upepo na vumbi la Thika Road vikinipiga, jicho linakauka na lenzi inahama, kwa hiyo nagombania kiti cha ndani. Matone ya kulainisha, yale yanayofaa kwa lenzi, hayatoki mkobani. Maji ya mfereji, hata tone, hapana: yanaweza kuwa na vijidudu vya kuharibu konea.