Kugeuza Kibanda cha Mitambo cha S-250 Kuwa Stesheni ya Redio ya Ridhaa

Kibanda cha S-250, ambacho Jeshi la Marekani lilikitumia kubebea mitambo ya mawasiliano nyuma ya pikapu za kijeshi kama M1028, hupatikana katika minada ya mali iliyoondolewa jeshini. Thamani yake kubwa kwa mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu anayerusha na kupokea mawasiliano ya redio kwa kujipendea tu, imo katika kuta za alumini zenye povu katikati, kwa kuwa mlango ukifungwa kibanda chote huwa ngao inayozuia mawimbi ya redio. Kelele za umeme, yaani mawimbi yanayovuruga upokeaji, kutoka kwenye taa na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) hubaki ndani, mbali na antena iliyo nje. Anayetoboa kuta hizo ovyo huharibu kile alichokinunua.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba gari lako linahimili uzito wa kibanda, vifaa, betri na watu kwa pamoja. Rangi ya kijeshi isipigwe msasa mkavu wala kuchomwa moto, kwa maana vumbi na moshi wake vina sumu.

Nyaya zote zipite mahali pamoja, kwenye paneli ya kuingizia nyaya iliyopo tayari ukutani. Fungia hapo viunganishi vya antena ambavyo ganda lake hugusa alumini tupu iliyokwanguliwa rangi, kwani rangi huzuia umeme. Matundu yasiyotumika yazibwe kwa vipande vya alumini vilivyokwanguliwa vivyo hivyo. Waya wa kutuliza umeme ardhini uanzie kwenye paneli hiyohiyo.

Mfumo wa umeme wa kijeshi ni wa volti 24, ilhali redio nyingi za ridhaa hutaka volti 13.8, kwa hiyo usiunganishe redio kwenye nyaya za zamani bila kupima. Redio ya wati 100 huvuta takriban ampea 20 inaporusha. Ukitumia waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, utapoteza karibu volti 1.4, na redio inaweza kujizima katikati ya mazungumzo. Waya wa milimita za mraba 10 hupoteza takriban volti 0.35 tu. Fyuzi iwekwe karibu na betri, kwa sababu kinacholindwa kwanza ni waya.

Jenereta ikae nje, mbali na mlango na matundu ya hewa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na chumba kidogo kama hiki hujaa upesi. Feni ya kutoa joto ni ya lazima.

Kwa mawasiliano ya mkoa, antena ya waya ya nusu wimbi kwa megahezi 7.15 huwa na urefu wa karibu mita 20. Ikiinuliwa katikati kwa mlingoti wa mita 8, mawimbi yake hupanda karibu wima na kurudi chini katika eneo la mamia ya kilomita, jambo linalofaa wakati wa maafa kuliko kusikika bara jingine.

Mwisho, ingia na redio ndogo ya FM, funga mlango, zima kila kitu kingine, kisha usikilize. Stesheni ya jirani ikisikika vizuri, ngao inavuja: kagua kwanza ukanda unaoziba mwanya kati ya mlango na fremu yake, halafu paneli.