Kununua Picha za Mpiga Picha Mkongwe, na Kuzilinda na Unyevu wa Mombasa

Ukivutiwa na kazi ya mpiga picha mkongwe wa matukio, tazama kwanza, kununua baadaye. Chukua tukio moja alilolipiga, siku ya bandarini au arusi ya Mji wa Kale, upange picha zake kwa mfuatano. Angalia alisimama wapi, alisogea lini, nani aliijua kamera na nani hakuiona. Picha moja maarufu huweza kuwa bahati. Zile kumi zilizo kando yake haziwezi. Kama yu hai na amekukaribisha kwake, mwombe akuonyeshe karatasi za kontakti, yaani filamu nzima iliyosafishwa ikiwa ndogo ndogo kwenye karatasi moja. Filamu ya milimita 35 huwa na picha 36 kwa kawaida, na alama za kalamu zitakuonyesha aliyoichagua na alizoziacha. Mzee wa kazi hii ukimuuliza bei kabla hujatazama, umemkosea adabu, na pia hujajua unachotaka.

Ukifika kwenye kununua, kumbuka kwamba unanunua karatasi. Negativu moja, yaani filamu iliyosafishwa ambayo nakala hutolewa kwayo, huweza kutoa nakala za thamani tofauti kabisa. Ghali zaidi kwa kawaida ni nakala iliyosafishwa karibu na wakati picha ilipopigwa. Hufuata nakala aliyoitoa mwenyewe miaka ya baadaye, kisha ile iliyotolewa na warithi au wakala baada ya yeye kufa. Mohamed Amin, mpiga picha wa habari wa Kenya, alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Nakala yoyote iliyosafishwa baada ya hapo hakuikagua yeye, hata kama negativu ni yake. Priya Ramrakha, mpiga picha wa Nairobi, aliuawa vitani Biafra, Nigeria, mwaka 1968, na negativu zake nyingi zikaja kuonekana miongo kadhaa baadaye. Nakala mpya si mbaya, mradi uuziwe kwa bei ya nakala mpya.

Nenda na vitu vitatu: kioo cha kukuza mara 10, rula, na ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti.

Kwa kioo, tazama sehemu ya kijivu, kama anga au ukuta. Ukiona vitone vimepangwa kwa safu, hiyo imetoka kwenye mashine ya magazeti au vitabu. Postikadi nyingi za zamani za Mombasa ziko hivi. Vitone vidogo vya rangi vilivyotawanyika ovyo ni vya printa ya wino. Picha ya chumba cha giza, yaani iliyosafishwa kwa dawa kwenye karatasi ya picha, haina vitone, ina chembechembe tu za filamu. Geuza nyuma. Karatasi iliyopakwa plastiki huteleza kidoleni na hulala bapa. Ile ya karatasi tupu hushikika kama karatasi na hupenda kujikunja kidogo. Karatasi za plastiki zilienea miaka ya 1970, kwa hiyo ukiambiwa nakala ya Ramrakha ilisafishwa enzi za uhai wake, nayo inateleza nyuma, weka pesa mfukoni.

Taa ya zambarau itumie chumbani penye giza. Tangu miaka ya 1950 viwanda vilianza kutia karatasi dawa ya kuifanya iwe nyeupe zaidi, na dawa hiyo hung'aa samawati chini ya taa. Picha inayodaiwa kusafishwa mwaka 1935 ikang'aa hivyo, ina maelezo ya kutoa. Isipong'aa haijathibitisha lolote, kwani si karatasi zote za baadaye zilizotiwa dawa hiyo.

Halafu ilaze karibu na dirisha uitazame kwa mshazari. Mng'ao wa kifedha kwenye sehemu nyeusi, hasa pembezoni, ni fedha ya picha yenyewe iliyopanda juu kwa miaka na unyevu. Ni dalili ya umri, na wengine huipenda, usiisugue tu. Madoa ya kahawia-njano ni jambo jingine: mara nyingi picha haikusuuzwa vizuri dawa ikatoka, na yataendelea kuongezeka.

Nambari kama 3/10 kwenye nakala ina maana nakala ya tatu kati ya kumi. Uliza kama hizo kumi ni za saizi zote au saizi hii pekee, na kama kuna nakala za msanii nje ya hesabu. Risiti iandikwe mahali na mwaka wa kupigwa picha, mwaka wa kusafishwa, aina ya karatasi, saizi, nambari na sahihi. Hakimiliki kwa kawaida hubaki kwa mpiga picha au warithi wake: kumiliki nakala hakukupi ruhusa ya kuichapa kwenye fulana.

Sasa adui mwenyewe. Hewa ya Mombasa mara nyingi huwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70, na kuvu huanza kupata nguvu kuanzia kama 65. Uso wa picha ya chumba cha giza ni jelatini, chakula kitamu kwa kuvu na mende, tena hunyonya maji, huvimba na kunata.

Kwa fundi wa fremu nenda na masharti, maana wengi hupaka gundi mgongoni na kufunika kwa hadibodi. Mwambie: gundi hapana, selotepu hapana, laminesheni hapana kabisa. Picha ishikwe kwa pembe za karatasi juu ya kadibodi ya pamba isiyo na asidi, na mbele iwe na kadibodi yenye dirisha ili kioo kikae mbali kwa milimita mbili au tatu. Hadibodi, akisisitiza kuiweka, isiguse picha.

Usitundike kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe ya matumbawe. Kuta hizo hunyonya maji ya masika na chumvi. Chagua ukuta wa ndani, mbali na jua na jiko, ubandike vipande vya kizibo nyuma ya pembe za chini ili hewa ipite.

Zisizo na fremu zitie kwenye mifuko angavu ya plastiki ya polista. Plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafu huwa na kemikali zinazoharibu picha, na albamu za kurasa zinazonata ni mbaya zaidi. Laza mifuko ndani ya sanduku lenye mfuniko pamoja na silika jeli, chembe za kunyonya unyevu, ya aina inayobadili rangi, na kipima unyevu kidogo; lenga asilimia kati ya 30 na 50. Chembe zikibadilika, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hadi rangi irudi. Sanduku lililofungwa bila silika jeli hufungia unyevu ndani, heri rafu ya wazi. Kiyoyozi cha kuwasha mchana na kuzima usiku nacho hupandisha na kushusha unyevu kila siku, hadi picha zijikunje. Ama kiendeshwe mfululizo, ama utegemee sanduku. Picha ikitoka chumba chenye baridi, iache ndani ya mfuko wake saa kadhaa kabla ya kuifungua, la sivyo umande utatua juu yake.

Maji ya mvua yakiingia, usizibandue zilizoshikana zikiwa kavu. Za chumba cha giza zitie kwenye maji safi ya baridi ziachane zenyewe, kisha zilaze kwenye kitambaa safi, uso juu. Za printa ya wino usizitie majini, wino huweza kutoka. Iliyonata kwenye kioo cha fremu iache papo hapo, uipige picha kupitia kioo, kisha utafute mhifadhi wa picha kabla hujaivuta hata pembe.